Kusoma Ukubwani kwa Lugha ya Ugenini

Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island, pwani ya South Carolina nchini Marekani, watu wazima 14 walianza kukutana usiku nyuma ya duka la ushirika ili wajifunze kusoma. Walikuwa Wamarekani Weusi, watu wa mashamba na vibarua, na sheria ya jimbo iliwadai wathibitishe kwamba wanajua kusoma kabla ya kuandikishwa kupiga kura. Mwalimu wao, Bernice Robinson, alikuwa msusi na mshonaji kutoka Charleston. Hakuwahi kusomea ualimu. Septima Clark, mwalimu mkongwe aliyeuandaa mpango huo baada ya kufukuzwa kazi mwaka 1956 kwa sababu ya uanachama wake katika chama cha kutetea haki za Weusi, alimtaka mtu wa namna hiyo hasa. Alihofia kwamba mwalimu wa shule angewafundisha wazee wale kama watoto.

Robinson alifika na vitabu vya darasa la kwanza, akaona havifai, akaviweka kando. Akawauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kutuma fedha posta. Hayo ndiyo yakawa masomo, na maneno magumu ya katiba ya jimbo yakafuata baadaye. Miaka michache tu ikapita, shule za aina hiyo zikawa zimeenea kusini mwa Marekani chini ya jumuiya iliyoongozwa na Martin Luther King, na maelfu ya watu wa kawaida wakapewa mafunzo ya kuziendesha.

Mtoto hupelekwa shule. Mtu mzima hujipeleka mwenyewe, na siku akiona anapotezewa muda hurudi kwenye shughuli zake bila kuaga. Ndiyo maana swali la Robinson lina uzito mpaka leo: kila kipindi mwalimu wa watu wazima anadaiwa kitu ambacho mwanafunzi atakitumia kesho yake, awe dukani, hospitalini au mbele ya karani.

UNESCO inakadiria kwamba mwaka 2024 vijana na watu wazima wapatao milioni 739 duniani hawakuwa na stadi za msingi za kusoma na kuandika, na wengi wao ni wanawake. Kwa wingi huo, ni rahisi kuamini kwamba yeyote mwenye moyo mwema na kipande cha chaki anaitosha kazi hii. Imani hiyo imewaumiza wanafunzi na walimu vilevile. Robinson alifaulu kwa sababu aliwajua watu wake, alikuwa na Clark nyuma yake akimwelekeza, na aliwafundisha kwa lugha waliyoizoea. Pale ambapo mwanafunzi anazikuta herufi na Kiingereza siku moja, moyo mwema peke yake unaishiwa nguvu mapema sana.

Watanzania wanaijua kazi hii katika upana wake. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kikaazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa 1975. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila palipopatikana nafasi na kivuli. Walimu wa shule za msingi hawakutosha, kwa hiyo wakaitwa vijana waliomaliza elimu ya msingi na yeyote aliyejua kusoma, kwa posho ndogo. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulitoa picha ya nchi ambayo wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na takwimu za serikali za 1986 zikasema asilimia 9.6.

Kisomo hicho kilikuwa na hazina mbili. Ya kwanza ilitokana na mradi wa majaribio ulioendeshwa na UNESCO pamoja na serikali kutoka Mwanza kuanzia 1968, ambako vitabu vya kusomea viliandikwa kuhusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mkulima alijifunza silabi akisoma habari za shamba lake mwenyewe. Ya pili husahaulika kwa sababu inaonekana kama jambo la kawaida: lugha yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Aliyeshika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zao anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona, na akilitamka, sikio lake linalitambua. Kwa mwanakisomo mwenye Kiswahili, maana ilikuwa inamsubiri upande wa pili wa herufi. Waliopata tabu zaidi ni wale ambao Kiswahili chenyewe kilikuwa kigeni kwao, na tabu yao inafanana na ya watu wanaozungumziwa hapa chini.

Mwaka wa fedha wa 2016 Marekani iliwapokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko kutoka nchi nyingine yoyote, na katika miaka mingi iliyofuata Kongo iliendelea kuongoza, mpaka mpango wa kuwapokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025. Wengi walikuwa wameishi Nyarugusu mkoani Kigoma, Nakivale nchini Uganda au Kakuma nchini Kenya. Nyumbani wana Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Sokoni, kanisani na kambini wana Kiswahili. Miongoni mwao wapo waliosoma kwa Kifaransa hadi chuo kikuu. Wapo pia akina mama waliokimbia vita ya 1996 wakiwa wasichana, wakazaa na kulea kambini, na hawajawahi kukaa darasani hata muhula mmoja. Hawa wa mwisho ndio wanaompima mwalimu.

Darasa lao huwa kanisani, maktabani au katika chuo cha jamii. Serikali ya Marekani inawapanga watu wazima wanaojifunza Kiingereza katika ngazi sita, na ya chini kabisa imetengwa kwa ambao kusoma kwenyewe ni kugeni. Katika chumba kimoja cha ngazi hiyo anaweza kukaa mama wa Kivu, kando yake Mguatemala anayezungumza lugha ya Kimaya, nyuma yao Msiria anayesoma Kiarabu vizuri na ambaye macho yake huanza ukurasa kutoka kulia. Mwalimu ni mmoja.

Wiki za kwanza hufundishwa mambo ambayo aliyesoma utotoni hakumbuki kwamba aliwahi kufundishwa: kushika penseli isipasue karatasi, kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kujua kwamba picha iliyochorwa kwa mistari michache ni ya kikombe. Mazoezi ya kuunganisha safu mbili kwa mishale, ambayo vitabu vya Kiingereza vimejaa, humkanganya mtu ambaye hajawahi kuona ukurasa uliogawanywa hivyo. Mwalimu anayeijua kazi yake huanza na vitu halisi. Huleta vikombe, viazi, chupa za dawa, bahasha zilizotoka ofisini, na huzungumza sana kabla hajaandika herufi moja.

Kisha huja jina, namba ya simu, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe nazo zina mitego. Wakimbizi wengi wasiojua siku yao waliandikiwa Januari 1. Isitoshe, Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 3/4 kwenye kadi ya kliniki ni Machi 4, wakati aliyetoka Afrika Mashariki anaiweka Aprili 3. Saa nazo zina mambo yake. Mtu aliyeishi Kigoma miaka 20 anahesabu saa kuanzia machweo na macheo. Akiambiwa kwa Kiingereza kwamba daktari anamngoja saa ambayo namba yake ni mbili, anaweza kufika asubuhi wakati miadi ni mchana. Mwalimu asiyelijua hilo atamhesabu kuwa mzembe. Anayelijua atatenga kipindi kizima kwa saa ya ukutani, na kipindi hicho kitawafaa wanafunzi kuliko kurasa 10 za sarufi.

Ugumu wenyewe unajitokeza kwenye herufi. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti walioufanya nchini Ureno. Waliwataka watu wazima waondoe sauti ya kwanza ya neno na kutamka kilichobaki, kama mtu anayeambiwa aondoe m katika mama naye akajibu ama. Waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Wenzao wa mazingira yale yale ambao hawakuwahi kujifunza walishindwa mara nyingi. Ina maana uwezo wa kulikata neno katika sauti ndogondogo hauji na umri. Huletwa na herufi zenyewe. Mama anayezungumza lugha tatu na kuendesha biashara ya nguo kambini anaweza kushindwa kujibu neno hili linaanza na sauti gani, na akili yake ikawa haina kasoro yoyote. Swali hilo halikuwahi kuwa na kazi maishani mwake.

Habari njema zilitoka mwaka 2010, pale Stanislas Dehaene na wenzake walipopima ubongo wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: ambao hawajui kusoma, waliojifunza wakiwa wakubwa, na waliosoma tangu utotoni. Wale waliojifunza ukubwani walionyesha mengi ya mabadiliko yaliyoonekana kwa waliosoma utotoni. Kwa hiyo kumwambia mtu wa miaka 50 kwamba muda wake umepita ni kumdanganya.

Lakini apewe njia inayopitika. Mwanafunzi aliyezoea sauti za Kiswahili akilikuta neno name atalisoma na-me, na come atalisoma ko-me. Hajakosea, amefuata kanuni nzuri ambayo Kiingereza hakiifuati. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo street humjia na irabu za ziada katikati na mwishoni. Ship na sheep husikika kwake kama neno moja. Na hata akifaulu kulitamka neno zima, sikio lake huenda lisilitambue, kwa kuwa hajawahi kulisikia. Mwanakisomo wa Mwanza alipewa maana na sauti bure, akaongezewa herufi. Mkimbizi huyu aliyeko Ohio au Kentucky anadaiwa vyote vitatu kwa mkupuo.

Elaine Tarone na Martha Bigelow wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwachunguza vijana wa Kisomali waliohamia jimbo hilo, wakagundua kwamba wenye uwezo mdogo wa kusoma walipata shida zaidi kuyakumbuka kwa usahihi masahihisho ya mdomo ya mwalimu. Mwalimu akiirudia sentensi iliyosahihishwa, aliyezoea maandishi hukinasa kilichobadilika. Mwenzake huipata maana na kupitwa na umbo. Njia nyingi za kufundisha Kiingereza zimejengwa juu ya kusikiliza na kujisahihisha, zikimdhania mwanafunzi kuwa msomaji. Watafiti na walimu wa fani hii walianza kukutana kila mwaka tangu 2005, mkutano wa kwanza ukiwa Tilburg nchini Uholanzi, hasa kwa sababu waliona wanafunzi wa aina hii wamesahauliwa na vitabu.

Hitimisho linalofuata si geni kwa mtu wa kisomo: mfundishe kusoma kwanza kwa lugha anayoizungumza, hata kwa miezi michache, huku Kiingereza kikienda kwa mdomo. Aliyekwisha kujua kwamba herufi hubeba sauti hahitaji kufundishwa hilo mara ya pili. Mexico inalifanya hilo kwa watu wake: mpango uitwao Plazas Comunitarias, unaopitia balozi ndogo zake, unawapa Wamexico walioko Marekani kisomo na elimu ya msingi kwa Kihispania. Mkimbizi wa Kongo hana balozi wa kumpigania namna hiyo, na fedha za serikali ya Marekani zimelenga Kiingereza. Inauma, kwa sababu vifaa vipo. Tanzania ina zaidi ya nusu karne ya uzoefu wa kufundisha silabi za Kiswahili kwa watu wazima. Katika miji ileile wanakoishi Wakongo wapo Watanzania na Wakenya, baadhi yao walimu kwa taaluma, ambao hakuna aliyewahi kuwaomba.

Mwalimu asiyejua Kiswahili hakosi la kufanya. Njia mojawapo inayopendwa na walimu wa fani hii ni kuwaacha wanafunzi waseme, yeye akiandika. Darasa limekwenda pamoja kununua mchele na maharage. Wakirudi, kila mmoja anatoa sentensi kwa Kiingereza chake, mwalimu anaziandika ubaoni, na hizo zinakuwa somo la juma zima. Zinakatwa vipande, zinapangwa upya, zinanakiliwa kwenye daftari. Sauti na maana zilikuwa tayari mdomoni mwa wanafunzi, kwa hiyo herufi ndiyo mzigo pekee uliobaki. Paulo Freire alipita karibu na njia hiyo mwaka 1963 huko Angicos, Brazil, alipowafundisha vibarua wapatao 300 kwa takriban saa 40 akitumia maneno ya kazi na maisha yao.

Kuna jambo lisilopimwa na mtihani wowote, nalo ni aibu. Mtu mzima asiyejua kusoma amekuwa hodari wa kuificha hali hiyo: amesahau miwani nyumbani, fomu atajaza baadaye, mtoto wake ndiye anayeshughulika na barua. Hata miongoni mwa wenyeji wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa hali ni ile ile. Upimaji wa kimataifa wa 2023 uliwakuta asilimia 28 ya wakazi wote wa Marekani, wazawa na wahamiaji, wenye miaka 16 hadi 65 wakiwa ngazi ya kwanza ya usomaji au chini yake. Nchini Kenya, ambako madarasa haya huitwa ngumbaru, Kimani Maruge aliishinda aibu hiyo mbele ya dunia nzima: mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alivaa sare na kuketi darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, baada ya serikali kufuta ada. Jane Obinchu, mwalimu mkuu aliyemkubali, alistahili sifa kubwa. Ila nchi haiwezi kungoja watu wenye ujasiri wa Maruge. Wengi hawatakaa kwenye dawati la wajukuu, na hawapaswi kulazimika kufanya hivyo.

Hali ya walimu wenyewe? Sehemu kubwa ya walimu wa watu wazima Marekani ni wa muda, wanalipwa kwa saa, na wengine hujitolea bure. Mtu anaweza kufundisha asubuhi kanisani na jioni chuoni, na saa za kuandaa vifaa zisihesabiwe. Fedha za serikali hufuata matokeo: mwanafunzi hupimwa akiingia, kisha hupimwa tena baada ya makumi ya saa za masomo, na programu huhukumiwa kwa hatua alizopanda. Mama aliyejifunza kushika penseli, kuandika jina lake na kusoma namba ya basi anaweza kuonekana hajasogea. Hudhurio nalo hukatika, kwani kiwanda cha nyama kimembadilishia zamu, mtoto ana homa, theluji imesimamisha mabasi. Julai 2025 serikali ya shirikisho ilizishikilia kwa wiki kadhaa fedha za elimu ya watu wazima ambazo majimbo yalizitegemea kuanzia mwanzo wa mwezi huo. Mwalimu anayelipwa kwa saa hana akiba ya kuvuka pengo la aina hiyo, na akiondoka, anaondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote.

Kwa wanafunzi wengi, lengo kubwa ni uraia. Baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu mkimbizi anaruhusiwa kuomba, kisha huketi mbele ya afisa, akasoma kwa sauti angalau sentensi moja kati ya tatu, akaandika moja kati ya tatu, na akajibu maswali ya historia na serikali. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Oktoba 20, 2025, orodha ya maswali imeongezeka kutoka 100 hadi 128, na mwombaji anatakiwa apate 12 kati ya 20, badala ya 6 kati ya 10. Majibu mafupi hukaririka kwa masikio, na wengi hufika wakiwa wameyajua kutoka kwenye rekodi za simu. Panapoanguka watu ni kwenye fomu ya maombi yenyewe, ambamo afisa huuliza mambo ya zamani kwa maneno ya kisheria na anaweza kumtaka mwombaji aeleze neno lina maana gani. Hapo kukariri hakufui dafu. Walimu wazuri hutumia wiki nyingi kuigiza mahojiano hayo, wakibadilisha swali makusudi ili mwanafunzi azoee kusema kwamba hajaelewa na kuomba arudiwe.

Sheria ina msamaha kwa wazee: mwenye miaka 55 au zaidi aliyekuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 15 anaruhusiwa kufanya mahojiano kwa lugha yake kupitia mkalimani, na hatasomeshwa wala kuandikishwa sentensi za Kiingereza. Mama aliyeingia 2016 akiwa na miaka 45 ataufikia msamaha huo mwaka 2031. Akitaka kupiga kura kabla ya hapo, itambidi asome, na yeye, kama wale wakulima wa Johns Island, anahitaji mtu wa kumuuliza kwanza anataka kujifunza nini, anayejua pia kwa nini name humjia kama na-me, na ambaye mshahara wake unamtosha kubaki darasani mpaka mama huyo amalize.